Mwanafunzi wa Karagita Ambaye Hakusajiliwa

Mzee Wamalwa alisomea udaktari miaka minne akiwa kitandani, bila karo na bila kitambulisho cha chuo. Ukimuuliza mtu yeyote wa ploti yao pale Karagita, Naivasha, atakuambia hivyo hivyo, na hatakuwa ametia chumvi sana. Mwenye jina kwenye orodha ya chuo alikuwa binti yake, Nangila. Lakini darasani, yaani ndani ya kile chumba kimoja chenye kitanda, godoro la Nangila lililokunjwa ukutani, meza na jiko la gesi, wanafunzi walikuwa wawili.

Mambo yalianza wakati wa korona. Nangila alikuwa mwaka wa kwanza, hajazoea hata harufu ya maabara, chuo kikafungwa. Wakaambiwa warudi makwao, masomo yatawafuata kwa simu. Siku hizo hizo shamba la maua alilofanyia kazi babake likawarudisha watu nyumbani, kwa sababu ndege zilikuwa zimelala na mawaridi yanamwagwa mashimoni kama magugu. Wamalwa alikuwa mtu wa kusimama mezani tangu asubuhi, akichambua waridi kwa urefu wa shina na ukubwa wa kichwa. Ghafla akajikuta ameketi, mikono haina kazi. Mkewe alikuwa ameshafariki tangu Nangila akiwa darasa la tano. Redio ilikuwa mbovu. Kitu pekee kilichokuwa kikiongea ndani ya nyumba ni simu ya binti, na ndani ya simu kulikuwa na mwalimu akieleza mifupa.

"Huyo anasema nini?" Wamalwa akauliza.

"Ni mifupa, Baba. Ya mkono."

"Si uongeze sauti. Mimi pia niko na mkono."

Basi ikawa hivyo. Nangila akaacha kutumia earphone, akaegemeza simu kwenye sufuria, na wawili hao wakawa wanasoma. Wamalwa aliishia kidato cha pili, na Kiingereza cha walimu kilimpita juu ya kichwa, lakini hakujali. Alikaa wima kama mtu aliye kanisani. Mwalimu akisema kitu na wanafunzi wakacheka, naye alicheka, kisha akauliza wamecheka nini.

Mwalimu aliyempenda kuliko wote alikuja baadaye, Nangila alipoingia miaka ya kusomea wodini. Aliitwa Daktari Ogada, wa upasuaji. Huyu alikuwa na mtindo wake. Alieleza ugonjwa kwa Kiingereza, majina marefu yote yakatajwa, halafu akanyamaza kidogo, akabadilisha sauti na kuwa mgonjwa. "Daktari, hii tumbo inanikata hapa, inazunguka mpaka mgongoni," angelalamika, na wanafunzi waliopo Nakuru, Molo, Mau Narok na kwingineko wakajua sasa ndiyo wanaambiwa jambo la maana. Alisema hakuna mgonjwa atakayewaletea ugonjwa kwa jina la kitabuni, kwa hiyo wazoee kuusikia jinsi unavyosemwa na watu. Kwa Wamalwa, hapo ndipo darasa lilipoanza. Kiingereza kilikuwa utangulizi tu.

Kulikuwa na siku Nangila alilazimika kutoka katikati ya darasa kwenda kupanga foleni ya maji. Mzee ndiye aliyebaki akisikiliza. Nangila akirudi na mtungi, alipata ripoti yake: "Leo daktari alikuwa mgonjwa wa nyongo. Amekula mafuta usiku, asubuhi analia. Amesema umguse hapa chini ya mbavu, umwambie avute pumzi." Mara nyingi alikuwa amechanganya. Siku moja aliripoti kwamba wanaume wa miaka hamsini hupasuliwa wengu wakinywa maziwa, na mpaka leo hakuna anayejua alisikia nini. Nangila alicheka hadi machozi, lakini ile ya nyongo ilimkaa kichwani kuliko kitabu chochote.

Korona ilipopita, chuo kilikuja na mpango wa nusu kwa nusu. Wiki za wodini, wanafunzi wakae Nakuru na makoti yao meupe. Wiki za mihadhara, kila mtu asikilize alipo. Wakubwa wakataka kujua wanafunzi wanauonaje, na kundi la darasa kwenye WhatsApp likawaka moto.

Quincy, kijana wa Nakuru mjini asiyejua kunong'ona, hakutaka kuusikia. "Manze, hii kitu ni upuzi," alisema kwa sauti iliyorekodiwa, maana kuandika kulimchelewesha. "Utapapasa ini ya mtu na emoji? Siku moja mtu atanikufia mkononi nikitafuta mahali pa kubonyeza."

Farhiya, rafiki mkubwa wa Nangila, ambaye mamake alikuwa na duka la vitambaa Nakuru, alisema yeye hana shida na mtandao, shida yake ni kwamba ukiwa nyumbani kila mtu anadhani huna kazi. "Niko kwa lecture ya moyo, naitwa nipime kitambaa."

Nangila kwa kawaida si msemaji. Safari hii aliandika mpaka watu wakashangaa. Alitetea mtandao kwa kila hoja: kodi ya chumba cha pili Nakuru, masomo yanayoweza kurudiwa, utulivu wa kusikiliza. Sababu yenyewe hakuitaja. Sababu yenyewe ilikuwa imeketi kitandani Karagita, imevaa sweta ya kijani, ikisubiri Daktari Ogada awe mgonjwa. Darasa likapiga kura, mpango wa nusu kwa nusu ukapita, na Quincy akatangaza kwamba ameonewa.

Darasa zima lilikuwa linamjua mzee kwa sauti. Mara kadhaa Nangila alisahau kuzima mic, wakamsikia akiuliza kama chai ina sukari. Wakampa jina: Comrade Mzee. Alipoambiwa hilo jina alifurahi wiki nzima, akawaambia majirani kwamba amekubaliwa chuoni.

Ugonjwa ulianza na nyama. Wakati wa Krismasi alisema mwenye bucha amewauzia ng'ombe mzee. Baadaye akalaumu unga, kwamba ugali wa siku hizi haulainiki. Nangila alikuwa Nakuru wodini, akipigiwa simu na kuambiwa kila kitu ni sawa. Aliporudi kwa wiki za mihadhara alimkuta babake amejitobolea tundu jipya kwenye mshipi, na sahani yake ina ugali alioutafuna na kuutema pembeni. Alikuwa anakunywa uji. Alidai ameupenda uji uzeeni.

Nangila alimpeleka hospitali, kamera ikapitishwa kooni. Daktari aliyempima alimwita Nangila kando, kwenye ujia, akaliangalia koti lake jeupe. "Wewe ni wetu," akasema, "kwa hiyo nitakuambia wazi." Ilikuwa saratani ya umio, ile njia ya chakula, na ilikuwa imeshafika kwenye ini. Wangeweka mrija ili uji na maziwa yapite. Zaidi ya hapo hapakuwa na la kumfanyia isipokuwa kumtuliza maumivu.

Alimpigia shangazi yake wa Webuye akilia. Shangazi naye alilia, kisha akawa mkali. "Usimwambie. Unanisikia, Nangila? Hawa watu ukiwaambia wanakufa moyo siku hiyo hiyo. Mwambie ni vidonda." Kwao mgonjwa haambiwi. Wanaambiwa watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani wanabeba. Nangila alikuwa amefundishwa darasani kwamba mgonjwa ana haki ya kujua. Alikuwa amejibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote. Lakini aliporudi pale kwenye benchi, babake amekumbatia kofia yake akimtazama, alama zile hazikumsaidia hata kidogo.

"Wamesema nini?"

"Ni vidonda vya koo, Baba. Vitapona polepole."

Mzee alimtazama kidogo. "Kama daktari wangu amesema, basi."

Nangila akajiwekea ahadi. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia. Atafanya mtihani, kisha atarudi nyumbani, ataketi kitandani kando ya babake na kumwambia ukweli wote kwa mdomo wake mwenyewe. Ila asiusikie kwa mtu mwingine kabla ya hapo. Hilo ndilo alilokuwa akilinda, kwa roho yake yote, kila siku aliyokaa kwenye kile chumba.

Halafu ratiba ya wiki ikatumwa, na kati ya masomo ya Daktari Ogada kulikuwa na saratani ya umio.

Nangila aliisoma ratiba mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Alifikiria kwenda nje na simu, lakini betri yake ilikuwa imechoka, haiwezi kumaliza somo bila stima, na soketi ilikuwa moja, pale mezani karibu na kitanda. Earphone zilikuwa zimekufa zamani kwa kukosa kazi. Kukosa darasa kabisa hawezi, maana Ogada alikuwa na tabia ya kuita majina katikati ya somo, na asiyejibu huandikwa hayupo. Kwa hiyo alifanya kile wanafunzi wote wa mtandaoni wanakijua na hakuna anayekikubali mbele ya mwalimu. Aliingia darasani, akashusha sauti ya simu mpaka mwisho, akaiacha ikichaji, akatoka. Farhiya alikuwa ameombwa aseme mtandao unasumbua, jina likiitwa.

Mzee alikuwa amelala, amegeukia ukuta. Nangila akachukua mtungi uliokuwa bado na maji nusu, akayamwaga kwenye beseni, akaenda kwenye kibanda cha maji kupanga foleni ambayo hakuihitaji. Zamu yake ilipofika aliwaachia wanawake wengine wapite. Chepkirui, jirani yao wa mlango wa pili, alimwuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Alikaa pale juu ya mtungi mpaka muda wa somo ukaisha, ndipo akachota na kurudi.

Mzee alikuwa ameketi, mto mgongoni.

"Baba, umekunywa uji?"

"Nimekunywa."

"Darasa langu limekusumbua?"

"Aa. Leo usingizi ulinibeba. Sijasikia kitu."

Nangila aliitazama simu. Kioo kilikuwa kimezima. Akabonyeza kitufe cha pembeni, akaona sauti iko chini kabisa, vile vile alivyoiacha. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Akamwinua babake kidogo, akamnyoosha sweta.

"Koo inauma?"

"Si sana."

"Vidonda vinapona polepole, Baba."

"Ndiyo, daktari wangu. Naona vinapona."

Katika miaka yote ile mzee hakuwahi kulala darasa likiendelea. Hata akiwa na homa alisikiliza. Angejiuliza kidogo tu, Nangila angeliona hilo. Hakujiuliza, na mimi simlaumu, maana nani hujiuliza akiwa amepata anachokitaka?

Jioni hiyo Farhiya alimtumia maelezo ya somo, yameandikwa vizuri kwa mkono na kupigwa picha. "Recording imeharibika," aliandika. "Usisumbuke kuitafuta. Hizi zinatosha." Nangila alizisoma akiwa amekipa kitanda mgongo.

Tangu hapo wenzake walibadilika, na yeye alidhani Farhiya amewanong'oneza kwamba mzee ni mgonjwa. Mamake Farhiya alianza kutuma maziwa ya ngamia kwa gari la Naivasha, akisema yanateremka vizuri. Quincy, adui wa mtandao, alijitokeza Karagita Jumamosi moja juu ya boda boda, bila kualikwa, akiwa na papai kubwa kifuani. "Niaje, Comrade," alimsalimia mzee, akaketi naye mchana kutwa wakibishana kuhusu mpira. Alipokuwa akiondoka, Nangila aliona macho yake ni mekundu. Quincy akasema ni vumbi la Karagita.

Mzee naye alikuwa na mambo yake. Viatu vyake vya mpira vya kazini alimpa mume wa Chepkirui, akasema miguu yake imekuwa midogo. Alimwomba Nangila amsomee maelezo kwa sauti, lakini kila somo likihusu koo au tumbo alisema hilo amelichoka, asome jingine. Na wiki za wodini zilipofika, Nangila akaanza kutafuta sababu za kubaki, mzee aligeuka mkali kama wa zamani.

"Nenda. Mimi niko na Chepkirui."

"Baba, naweza kuomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini? Vidonda? Utaomba ruhusa ya vidonda, uchekwe na watu? Nenda usome."

Alienda. Alisoma kwa hasira, kwa machozi, kwa kahawa. Mtihani ulipoanza, kila asubuhi alipigiwa simu na sauti ambayo sasa ilikuwa mnong'ono mkavu: "Daktari wangu, umeamka?" Hakusema zaidi ya hapo, akakata.

Siku ya karatasi ya mwisho hakungoja hata wenzake wapige picha. Njia nzima kutoka Nakuru alikuwa akiyapanga maneno. Aliyapanga kwa Kiswahili, akayapanga kwa Kibukusu, akaona ya Kibukusu yanauma zaidi lakini ndiyo ya haki. Alimkuta babake ameegemezwa mito na Chepkirui, uso umekuwa mifupa mitupu, macho tu ndiyo yale yale.

"Umemaliza?" mzee akanong'ona.

"Nimemaliza, Baba."

Mzee alifumba macho, akatabasamu. Nangila aliketi kitandani kando yake kama alivyoahidi. Akamshika mkono.

"Baba, kuna kitu nataka kukuambia."

Mzee aliinua kidole kimoja, taratibu. "Kesho," akasema. "Leo umechoka. Kesho."

Nangila alikubali. Nitasema wazi kwamba alifurahi kupewa hiyo kesho. Asubuhi ilipofika, Wamalwa alikuwa ameshaondoka, mkono wake bado uko pale Nangila alipouachia.

Walimzika kwao Bungoma, karibu na mkewe. Watu walimsifu kwa uaminifu wa kazi, kwa uimbaji wake, kwa kumlea binti peke yake. Nangila alisimama pale akisikia kila sifa kama kofi. Babake alikuwa ameondoka duniani akiamini ana vidonda, na aliyemwaminisha ni yeye. Mtu aliyemwita daktari wangu kila asubuhi, yeye alimjibu kwa uongo mpaka mwisho. Shangazi alimkumbatia akimwambia alifanya vyema. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Wiki chache baadaye alirudi Karagita kutoa vitu na kurudisha ufunguo. Farhiya na Quincy wakaja kumsaidia. Quincy alibeba jiko na beseni nje, Farhiya akakunja blanketi. Kwenye kundi la darasa wakubwa walikuwa wameuliza tena: je, mpango wa nusu kwa nusu uendelee? Nangila hakuwa amejibu.

"Mimi safari hii napinga," alisema akiwa anafungua pazia. "Sitaki kuona darasa kwa simu tena maisha yangu yote. Ningekuwa mahali pamoja na watu, labda mtu angeniona uso, angeniambia nimwambie. Nilikaa hapa na yeye, chumba kimoja, nikamdanganya kila siku."

Farhiya aliliacha blanketi. Alimtazama Quincy aliyekuwa mlangoni, na Quincy akatazama chini.

"Nangila, kaa," Farhiya akasema. "Kuna kitu chako. Tuliambiwa tungoje."

"Na nani?"

"Na babako."

Alitoa simu yake. Kwenye kioo palikuwa na tarehe ya somo lile, na kichwa chake: saratani ya umio. Ile recording iliyoharibika haikuwa imeharibika. Daktari Ogada ndiye aliyeitoa kwenye mtandao wa chuo na kumpa Farhiya aihifadhi. Nangila aliketi juu ya mbao za kitanda, maana godoro lilikuwa tayari nje. Farhiya akabonyeza.

Sauti ya Ogada ilijaza chumba. Alikuwa anaeleza kwa Kiingereza, majina marefu moja baada ya jingine. Kisha kimya kifupi, na mgonjwa akaanza kuongea. "Daktari, nyama ndiyo ilianza kukataa. Nikamlaumu mwenye bucha. Sasa hata ugali inasimama hapa kifuani, haiendi mbele, hairudi nyuma. Nimebaki na uji." Halafu Ogada akarudi kuwa Ogada, na kwa Kiswahili kile kile akawaambia wanafunzi wake kwamba wengi wa wagonjwa hawa huja wakiwa wamechelewa, na ugonjwa ukishafika kwenye ini, kazi ya daktari si kuponya tena, ni kuhakikisha mtu hafi njaa na hafi kwa maumivu.

"Nangila Wamalwa," akaita. "Uko?"

Sauti ya Farhiya ikaanza, "Daktari, Nangila mtandao wake—" lakini ikafunikwa na sauti nyingine, nzito na yenye mikwaruzo, iliyokuwa karibu mno na simu.

"Yuko, daktari. Ametoka kuchota maji. Mimi ni babake. Huwa tunasoma pamoja, mimi humwambia ile mmesema."

Darasa likacheka. Mtu akaita, "Comrade Mzee!"

"Karibu sana, mzee," Ogada akasema, naye akicheka. "Na leo umesikia?"

"Nimesikia. Kizungu kimenipita, lakini huyo mgonjwa wako nimemsikia vizuri. Ni kama ameishi kwa hii nyumba."

Kicheko kilikatika. Kwenye recording ilisikika mtu akikohoa mbali, na jogoo wa mtu kule Molo au Mau Narok.

"Iko swali moja," mzee akaendelea. "Ukipata mgonjwa kama huyo, na mtoto wake anajua, lakini anamwambia ni vidonda. Huyo mgonjwa afanye nini?"

Ogada akashusha sauti. "Mzee, labda huyo mtoto anaogopa."

"Najua anaogopa. Nimemlea mimi. Nauliza mgonjwa afanye nini."

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona amwache. Ako na mtihani. Akijua najua, hatasoma tena, atakaa hapa akiniangalia nikikonda. Sasa nyinyi wenzake, nawaomba. Msimwambie. Amalize kwanza. Halafu mimi nikishaenda, mumwambie nilijua tangu leo. Asije akajisumbua ati alinidanganya. Hakunidanganya. Tulikuwa tunabebeana."

Mic zikaanza kufunguka moja moja. "Sawa, mzee," akasema Quincy, sauti imepasuka. "Sawa, Baba," akasema Farhiya. Wakafuata wengine, darasa zima, wengine hata Nangila hakuwahi kuongea nao. Ogada akasema somo limeishia hapo, asanteni. Wanafunzi wakatoka. Lakini mic Nangila alikuwa ameisahau wazi, mzee hakujua pa kuizima, na Ogada, kwa sababu zake, hakuifunga. Recording ikaendelea, chumba kikisikika: kitanda kikilia, mtu akipumua kwa taabu, akiongea na simu kwa upole. "Hapa ndiyo ya sauti. Turudishe vile alikuwa ameweka."

Nangila alikuwa ameshika mbao za kitanda kwa mikono miwili. Farhiya alitaka kuizima, akamzuia.

Kwenye simu mlango ulifunguka. Mtungi uliojaa maji ukatuliwa sakafuni. Halafu Nangila akaisikia sauti yake mwenyewe, ya uchangamfu, iliyofanyiwa mazoezi njia nzima kutoka kibandani.

"Baba, umekunywa uji?"

"Nimekunywa."

"Darasa langu limekusumbua?"

"Aa. Leo usingizi ulinibeba. Sijasikia kitu."

Hatua zikasikika zikikaribia meza. Kitufe kikabonyezwa. Kitambaa cha sweta kikanyooshwa.

"Koo inauma?"

"Si sana."

"Vidonda vinapona polepole, Baba."

"Ndiyo, daktari wangu," mzee akasema. "Naona vinapona."